Hesabu loki, usihesabu maili

Swali lenu la wiki, "Ni likizo gani ya majini ungempendekezea msomaji mwenzako, na ajiandae vipi?", limenikuta na jibu tayari, maana nimelipata kwa jasho. Najua wengi watawaandikia juu ya Mafia, Kilwa au Ziwa Nyasa, na wana haki. Mimi nitasema juu ya mifereji ya Uingereza, kwa sababu sisi tunaoishi huku tunaivuka madarajani kila siku tukienda kazini, wala hatugeuzi shingo kuitazama.

Mingi ya mifereji hiyo ilichimbwa kwa mikono katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, kwa ajili ya kubebea makaa ya mawe, chokaa na vyombo vya udongo. Farasi alitembea ukingoni akivuta kamba, boti ikamfuata. Siku hizi mizigo imehamia barabarani, na shirika la hisani la Canal & River Trust, lililoanza kazi mwaka 2012, linatunza njia za maji zipatazo maili 2,000 England na Wales. Boti zenyewe ni kioja kwa jicho la mtu wa pwani: upana ni mita 2 na kidogo, ila urefu unaweza kufika mita 21. Ndani mna vitanda, jiko, bafu na choo. Unakodi kwa siku chache au kwa wiki. Leseni hutakiwi kuwa nayo. Wenye boti wanakufundisha kabla hawajakuachia ufunguo.

Mara ya kwanza likizo tuliiharibu wenyewe. Tulikuwa mimi, mume wangu na watoto wawili, tukachagua mzunguko uitwao Four Counties Ring: maili 110 na loki 94, kwa wiki moja. Kwenye ramani tuliuona mdogo. Maili 110 kwa gari ni asubuhi moja tu, tukajisemea, wiki nzima tutashindwaje?

Kwa asiyejua, loki ni chumba cha mawe au matofali chenye milango mizito kila upande. Maji ya mfereji hayapandi mlima, kwa hiyo ardhi inapoinuka boti lazima inyanyuliwe. Inaingia chumbani, milango inafungwa, halafu mtu anazungusha gia ukingoni kwa mpini wa chuma ili kufungua vilango vya chini. Chumba kinajaa, boti inapanda. Au kinapwa, boti inashuka. Ni maji kujaa na maji kupwa, ila mwezi hauhusiki, ni mkono wako. Na mlango haufunguki kwa kitufe: unaegemea boriti lake kwa mgongo, unakita miguu chini, unasukuma.

Kati ya Wheelock na Kidsgrove kuna loki 26 katika maili 7 hivi. Hapo ndipo tulipochoka hadi tukaacha kusemezana vizuri. Mume wangu yuko kwenye usukani, mimi niko juu ukingoni na mpini mkononi, injini inanguruma, kila mmoja anadhani mwenzake hasikii kwa makusudi. Watoto tuliwaamsha alfajiri na kuwalisha mkate wakiwa wamesimama. Wiki ilipokwisha tulikuwa tumemaliza mzunguko wote, na sikuweza kukumbuka ndege hata mmoja niliyemtazama kwa utulivu.

Hesabu ambayo ningeifanya mezani kabla ya kulipa ni hii. Mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 4 kwa saa, lakini ukipunguza kila unapopita boti zilizofungwa kando, kwenye kona na chini ya madaraja, unabaki na 3 au chini yake. Kila loki ihesabie robo saa. Maili 110 kwa mwendo wa 3 ni saa 37 hivi. Loki 94 kwa robo saa ni saa 23 na nusu. Jumla saa 60, na hujateka maji wala hujapika. Kwa siku sita kamili ni saa kumi kila siku. Hiyo ni kazi ya shamba. Kuna watu imara wanaoifurahia, wengi wao wakiwa watu wazima wanne au zaidi wanaopokezana. Familia yenye watoto na mzee nisingeishauri hata kidogo.

Ndiyo maana nasema hesabu loki kwanza, kisha ukishapata saa zako, tafuta safari fupi yenye nusu ya saa hizo.

Safari ya pili ilikuwa mwezi Mei, shule zikiwa zimefungwa kwa wiki moja. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Pangani. Yeye ni mtoto wa nahodha, amekulia mtoni pale, nami niliona haya kumweka wiki tatu sebuleni akitazama televisheni. Tukachukua boti karibu na Ellesmere, kwenye mfereji wa Llangollen, tukapanga kwenda hadi Llangollen na kurudi. Ni kama maili 20 kwenda, na njiani kuna loki mbili tu, za New Marton. Ukigawanya kwa siku sita hufiki saa nne kwa siku, hata ukihesabu kwamba maji ya mfereji huu yanatembea. Yanaingia kutoka mto Dee juu ya Llangollen na kushuka hadi kwenye bwawa la Hurleston, kwa hiyo ukienda juu unayahisi yakikupinga, hasa penye wembamba.

Kuna mambo ya maandalizi ambayo nisingeyaacha. Chagua boti yenye nafasi pana nyuma, pale anaposimama mshika usukani. Nyingine zina kipande cha kusimama mtu mmoja tu, basi nahodha anabaki mpweke siku nzima na wengine wamefungiwa ndani. Omba jaketi la kuokolea la kila mtu kwa saizi yake siku ile ile unapolipa. Begi liwe la kitambaa linalokunjika, maana sanduku gumu halina pa kukaa na mtakesha mkiliruka. Viatu viwe vya soli ya mpira. Leta glavu za kazi, koti la mvua, tochi, na soksi nzito hata kama ni Mei, usiku wa majini una baridi yake. Uliza pia choo ni cha namna gani, na usione aibu: kama ni cha kaseti utaimwaga mwenyewe kwenye vituo maalumu, kama ni cha tangi kinanyonywa kwa mashine bandarini. Tangi la maji ya kuoga na kupikia tulilijaza kila siku tulipokuta bomba, na hatukupungukiwa.

Chakula tulibeba unga wa sembe, mchele, nazi za kopo, maharage tuliyoyachemsha nyumbani kabisa ili kuokoa gesi, na nyama ya halali niliyoigandisha, kwa sababu vijiji vya njiani vina duka la mikate na maziwa na si zaidi sana. Sufuria ya boti ni ndogo. Nilichukua yangu ya ugali na mwiko wake.

Mama aliniuliza jambo ambalo hakuna kijitabu cha maelekezo kilicholigusa: ataswali vipi ndani ya nyumba inayogeuka? Mfereji unajipinda kama nyoka, kibla sasa hivi kiko omo, yaani mbele ya boti, baada ya dakika mbili kiko tezi, yaani nyuma. Tukakubaliana kwamba kila sala itakuwa na kituo chake. Adhuhuri ikifika tunatafuta ukingo mzuri, tunapigilia vigingi viwili, tunafunga mbele na nyuma, mwanangu wa kwanza anatoa dira na kumwelekeza bibi yake. Sikutegemea kwamba jambo hilo ndilo litakaloipa safari mwendo wake. Tulikuwa tunasimama kwa sababu ya sala, basi tukisimama tunapika, tukipika watoto wanaokota vijiti na kuwatupia bata makombo, na hakuna aliyekuwa akitazama maili. Magharibi kule mwisho wa Mei inaingia saa tatu usiku imepita. Boti za kukodi kwa kawaida haziruhusiwi kutembea gizani, lakini kwa mchana mrefu namna hiyo tulikuwa tumeshafunga kamba zamani.

Kuiendesha kunahitaji asubuhi moja ya uvumilivu. Ule mkono wa usukani, ambao Mama aliuita kana, neno ambalo nilikuwa sijalisikia tangu utotoni, unausukuma kushoto ili omo liende kulia. Boti inageuka kwa katikati yake, si kwa mbele kama gari, kwa hiyo ukikata kona ukitazama omo peke yake, tezi litagonga ukingo wa pili. Breki hakuna. Unarudisha injini nyuma na kusubiri, na wakati huo usukani haukusikii. Mnapokutana na boti nyingine kila mmoja anashika kulia. Na kamwe usizuie boti kwa mguu au mkono: chombo hicho kina zaidi ya tani kumi, na hakijui mguu ni mguu. Tulipopwelewa kwenye tope karibu na kona moja, upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, uliolala juu ya paa ndio uliotutoa. Mama alipouona alicheka kwa furaha, akauliza, "Kumbe na wao wanapiga pondo?"

Siku ya tatu tukafika Pontcysyllte. Hili ni daraja, lakini kinachopita juu yake ni mfereji wenyewe. Walilijenga Thomas Telford na William Jessop, likafunguliwa mwaka 1805, na tangu 2009 liko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ni hori la chuma lenye urefu wa mita 307, limebebwa na nguzo za mawe, mita 38 juu ya mto Dee. Upande mmoja kuna njia ya miguu na uzio. Upande wa pili hakuna kitu. Ukingo wa chuma unaishia inchi chache tu juu ya maji, na ukisimama kwenye boti huoni ukingo wenyewe, unaona vilele vya miti na kondoo wadogo kama punje za mtama. Nilikuwa nimewaambia watoto mapema kwamba pale wataketi ndani, dirishani, na waliketi. Mama alibaki tezi pamoja nasi, kashika ushungi wake kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine, akisoma kimya kimya. Tulipotoka upande wa pili alisema, "Maji juu ya mto. Subhanallah." Kisha akaomba chai.

Baada ya kijiji cha Trevor mfereji unabana. Kuna vipande ambavyo boti mbili hazipishani kabisa, basi mtu mmoja anashuka na kutangulia kwa miguu hadi mwisho wa wembamba, akikuta njia tupu anapunga mkono. Kazi hiyo alipewa mwanangu wa miaka kumi na mbili, akiwa na baba yake mara ya kwanza, kisha akawa anaifanya na mimi nikimfuata kwa nyuma.

Jambo nililotaka hasa kulisimulia lilitokea wakati wa kurudi, New Marton, loki ya kwanza ya kushuka. Katika kushuka kuna hatari moja mbaya: chini ya mlango wa juu kuna kizingiti cha zege au mawe kilichojificha majini, na maji yakipwa tezi likiwa juu yake, boti inaning'inia na inaweza kuzama. Ndiyo maana ukingoni kumechorwa mstari mweupe. Tezi lisirudi nyuma ya mstari huo. Mume wangu alikuwa ameambiwa hayo na yalikuwa yamemkaa moyoni. Akaona salama ni kuifunga boti isirudi nyuma, akazungusha kamba kwenye nguzo ya ukingoni na kuanza kupiga fundo.

Mama, aliyekuwa amesimama juu kando yangu, akamwita, "Baba, usifunge! Maji yanapwa hapo. Kamba yako itabaki juu, chombo kinakwenda chini."

Akaiacha. Mama akaichukua ile kamba, akaizungusha nguzoni mara moja tu bila fundo, akawa anailegeza kiganja kwa kiganja kadiri boti ilivyoshuka, macho yake yakiwa kwenye mstari mweupe. Mume wangu aliweka injini isukume mbele kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nafungua vilango kwa robo, nasubiri, naongeza. Boti ilishuka kama kikombe kinavyowekwa juu ya sahani. Pangani maji yanapanda na kushuka mara mbili kila siku, na mtoto wa nahodha anajifunza kabla hajaanza shule kwamba chombo kilichofungwa kwa kamba fupi wakati wa kujaa, utakikuta kimening'inia maji yakitoka.

Loki ya pili aliomba mwenyewe ashike kamba. Tulipotoka nikafunga mlango, nikarudi kukaa karibu naye. Akaniuliza, "Zimekwisha?" Nikamwambia zimekwisha, Mama, kutoka hapa ni njia tupu. Akanyamaza kidogo, akikunja kamba kwa duara sakafuni.

"Mwakani tafuta penye nyingi kidogo."

Nimeshatafuta. Mfereji ni huo huo, ila safari hii tutashuka upande wa pili hadi Grindley Brook, penye loki sita, tatu kati yake zikiwa zimeshikamana kama ngazi. Tumechukua siku tano, saa tatu kwa siku, na nimewaandikia wenye boti kuomba kamba ya nyuma iwe ndefu.

Msomaji wenu,
Wolverhampton