Bosi aweza kunizuia nisipike kwengine?

SWALI: Salam aleikum Bi Wakili. Mimi ni mpishi hapa Malindi, kwa hoteli moja ya Mtaliano huku Casuarina, pizza na aiskrimu zote ni mimi. Sasa nimepata kazi Watamu, mshahara umezidi kidogo, nimetoa notisi, bosi yuaniambia siendi popote manake kontrakti niliosaini inasema nikitoka nisifanye kazi kwa hoteli wala restoranti yoyote kaunti nzima ya Kilifi miaka miwili. Tena saatifiketi ya kazi amekataa kunipa. Kweli sheria yampa nguvu hizo? Nina watoto. – Mpishi, Malindi

JIBU: Waaleikum salam mwanangu. Watakwambia hiyo ni karatasi tu ichane, usiwasikize. Na bosi akikwambia ushasaini basi imekwisha, usimsikize pia. Kuna sheria ya tangu mkoloni, Sura ya 24 ya sheria za Kenya, inasema kipengele kama hicho si batili eti kwa sababu tu chamzuia mtu kazi, lakini korti yaweza kukifuta ikiona kimepita kiasi, na itaangalia kazi yenyewe ni gani, muda, eneo, na kama chamlinda bosi zaidi ya anavyohitaji ama chaumiza umma.

Haya, tuangalie chako. Kilifi nzima? Mteja wa aiskrimu wa Casuarina atakufuata mpaka Mtwapa? Na "restoranti yoyote", yani hata kwa mama wa mahamri na mbaazi huruhusiwi kusimama jikoni, miaka miwili, mpishi ale nini? Mimi naona aliyeandika alikuwa na pupa, na kipengele kikizoa kila kitu namna hiyo ndio huwa chepesi kuanguka mbele ya jaji. Kukanda unga, kujua tanuri limeshika moto vipi, huo ni ufundi wako hata kama ulijifunzia kwake.

Ila kuna vyake. Resipi yake ya siri kama iko kwa daftari, bei anazonunulia, namba za wale Wataliano wa kila Disemba ulizosevu kwa simu ukiwa kazini, usiondoke na hata picha moja. Hapo bosi atakuwa na kesi ya kweli na mimi sitakutetea kwa raha.

Aliyeuza biashara yake hubanwa zaidi ya mfanyikazi. Nordenfelt, mwenye kampuni ya bunduki na mizinga ya vita, alikatazwa kurudia biashara hiyo miaka 25 dunia nzima, na majaji Uingereza mwaka 1894 wakasema sawa, lakini yeye alikuwa ameuza kampuni kwa pesa nyingi, wewe umekula mshahara tu.

Saatifiketi sasa, hapo hana lake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, ukitoka lazima akupe, labda uwe hukumaliza hata wiki nne, na akikataa makusudi ni kosa, faini mpaka shilingi 100,000 ama jela mpaka miezi sita. Notisi ikiisha mwombe kwa maandishi, weka kopi, asipotoa nenda ofisi ya leba.

Wa Watamu muonyeshe hiyo kontrakti kabla hujaanza, asije akashtukizwa. Na barua ya wakili wa bosi ikija usijibu kwa WhatsApp usiku na hasira, wala usisaini kitu kipya, itafutie wakili, Korti ya Ajira iko hapahapa Malindi.