Skana ya SCSI inaizuia Macintosh yangu kuwaka: nifanyeje?

SWALI: Shikamoo fundi. Baba yangu mdogo alikuwa akichapa kadi za harusi hapa Tanga. Ameniachia kompyuta ya Apple, Macintosh LC 475, na skana kubwa ya A4 yenye matundu mawili ya pini 50 nyuma, pamoja na waya wake mnene. Nikiunganisha, Mac inaonyesha kidiski chenye alama ya kuuliza kinachowaka na kuzima, na haiendi mbele. Nikichomoa waya, inawaka vizuri. Kwenye kidirisha kidogo nyuma ya skana inaonekana namba 0. Ninayo pia PC ya Windows 98 yenye tundu la pini 25 linalofanana kabisa na la Mac. Je, nijaribu huko? Nataka kuingiza picha za familia alizotuachia kwenye bahasha.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na hilo la PC kwa sababu ndilo linaloweza kukuunguzia kitu. Usiichomeke skana huko. Tundu hilo ni la printa. Umbo lake ni lile lile la SCSI ya Apple, yaani njia ya kuunganisha kompyuta na vifaa kama skana na diski, na plagi inaingia bila kulazimisha, lakini nyaya za ndani zimepangwa tofauti kabisa. Kwenye SCSI ya Mac, pini ya 25 ni ya umeme wa volti 5 hivi. Kwenye tundu la printa, pini hiyo hiyo imeungwa na ardhi, kwa hiyo umeme unapigwa shoti papo hapo. Niliwahi kuletewa skana iliyofanyiwa hivyo. Fyuzi yake, ndogo kama punje ya mchele, ilikuwa imepasuka katikati. Ile ilipona kwa kubadilishiwa fyuzi, lakini si kila mara hasara huishia hapo.

Sasa tatizo lako lenyewe. Kisa chake umekiandika mwenyewe: ni ile 0. SCSI, ambayo mafundi huitamka "skazi", ni njia moja inayotumiwa na vifaa vyote kwa pamoja, na kila kifaa lazima kiwe na namba yake, kuanzia 0 hadi 7. Kwenye Mac, kompyuta yenyewe ni 7 na diski ya ndani kwa kawaida ni 0. Skana yako nayo imewekwa 0. Mac ikiwaka inamwita namba 0 ili isome mfumo, wanaitika wawili kwa mpigo, haiambulii kitu, ndipo inakuonyesha alama ya kuuliza. Diski yako haijafa. Zima vyote viwili, weka skana kwenye 4 au 5, kisha washa upya, maana skana nyingi huisoma namba hiyo wakati wa kuwashwa tu. Namba 3 iache. Mac zenye CD ya ndani huitumia, na huenda siku moja ukaihamishia skana huko.

Baada ya hapo Mac itawaka, lakini kazi haijaisha. Tazama lile tundu la pili la skana: lina kitu au liko wazi? Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kuziuza skana nzima kama vyuma chakavu, nami huumia kila ninaposikia. Ishara za umeme zikifika mwisho wa waya bila kitu cha kuzipokea, hugonga na kurudi kama mwangwi bondeni, zikachanganyika na zile zinazokuja. Kinachozimeza ni teminata, yaani kifungio cha rezista. Ile ya kawaida ina rezista mbili kwa kila ishara, ya omu 220 kwenda kwenye umeme na ya omu 330 kwenda ardhini, na ishara ziko 18. Zinatakiwa teminata mbili tu, moja kila ncha ya mnyororo, yaani vifaa vyote vilivyoungwa kimoja baada ya kingine. Ncha ya ndani inafungwa na diski yako. Ncha ya nje ni skana, na hiyo ni juu yako.

Teminata ya nje ni plagi fupi isiyo na waya, inatosha kiganjani, ina pini 50 na inabanwa na vishikizo viwili vya chuma pembeni. Pekua maboksi ya baba mdogo polepole. Usiitupe ukidhani ni mfuniko. Skana nyingine zina teminata ndani, na swichi yake iko karibu na ile namba. Teminata ikikosekana, skana inaonekana leo na kesho haionekani, au picha inakatika nusu. Ukiona hayo, usianze kufungua skana, anza na teminata.

Waya wako mnene ni mzuri, baki nao. Plagi ya pini 25 imeacha nyaya nyingi za ardhi zilizomo kwenye ile ya pini 50, ndiyo maana waya mwembamba au mrefu husumbua. Mnyororo wote, pamoja na wa ndani, usizidi mita 6. Usichomeke wala kuchomoa waya wa SCSI vifaa vikiwa vimewashwa. Washa skana kwanza, subiri itulie, ndipo uwashe Mac.

Kabla ya hapo soma kibandiko cha umeme cha skana. Nyingi zilizotoka Marekani ni za volti 120 na zinahitaji transfoma hapa kwetu. Angalia pia kama kuna skrubu ya kufunga gari la taa, yaani kibebeo kinachosogea na taa chini ya kioo, ile inayokazwa wakati wa kusafirisha. Isipofunguliwa, mota itanguruma na taa haitasogea.

Mac ikishawaka, endesha programu ndogo ya bure iitwayo SCSIProbe. Haihitaji draiva ya skana, yaani programu inayoiwezesha Mac kuiendesha. Itakupa jedwali la namba 0 hadi 7 na jina la kila kifaa kilichoitika. Jina la skana likitokea kwenye 4, nyaya ziko sawa, umebakiwa na draiva tu. Skana nyingine hujitambulisha hapo kama prosesa, yaani kifaa cha kuchakata data, badala ya skana. Usishtuke, ndivyo zilivyotengenezwa. Pasipotokea kitu, rudi kwenye teminata na waya.

Kuhusu picha zenyewe, pima kabla ya kubonyeza. Ukurasa mzima wa A4 wa rangi kwa nukta 300 kwa inchi ni megabaiti 26 hivi, mzigo mzito kwa LC 475, ambayo kwa maelezo ya Apple hubeba RAM isiyozidi megabaiti 36. Picha ya inchi 4 kwa 6 isiyo na rangi, kwa nukta hizo hizo, ni megabaiti 2 na kidogo. Anza na hizo, ukichagua eneo la picha tu badala ya kioo chote.

Draiva lazima iendane na skana, nawe hukunitajia aina yake. Niandikie jina na namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha nyuma, pamoja na toleo la mfumo wa Mac, nikuelekeze draiva ya kutafuta.