Ada ya kidato cha tano na sita ilishafutwa

Hapana ndugu unayesema ada ya kidato cha tano na sita bado inalipwa: shule za serikali hapa Tanzania hazitozi tena ada hiyo. Ilifutwa kwenye bajeti ya 2022/23. Kidato cha kwanza hadi cha nne ilikuwa tayari imeondoka tangu Januari 2016. Niko bodi ya shule ya sekondari hapa Moshi, na nyaraka za kufutwa kwa ada tumezisoma kikaoni. Kinachowachanganya wazazi ni michango: sare, madaftari na chakula cha mchana kwa wa kutwa bado ni juu ya mzazi. Ila mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango, hilo tusilinyamazie kabisa. Akirudishwa, nenda kwa mkuu wa shule, kisha kwa afisa elimu wa halmashauri.