Gloriosa yangu imechanua maua 14, ila kabla hujapanda ya kwako soma hapa

Juzi niliposti picha ya gloriosa yangu, maua 14 kwa mpigo, mekundu yenye ukingo wa njano, petali zimepinda kurudi nyuma kama ndimi za moto, na tangu hapo inbox haijapumzika. Dada mmoja wa Morogoro kaniandikia kwamba hilo ua analiona porini kwao kila masika, akachimbe apande karibu na mlango wa jikoni? Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu, nikaona niliweke hapa maana najua wengi mnaonifuata mnatamani kitu kile kile, bustani yenye maua ya kwetu wenyewe na sio kila siku kununua rozi kitaluni.

Jibu fupi ni hapana, sio karibu na jikoni. Refu ni hili.

Mimi yangu niliitoa Pangani miaka mitatu iliyopita, kuna shamba la minazi la ndugu zetu lilikuwa linasafishwa, katapila linakuja kesho yake, nikaomba nichimbe ile iliyokuwa imejisokota kwenye kichaka pembeni. Kiazi chake kina umbo kama herufi V na kinakatika kirahisi sana, nilikibeba kwenye kanga kama mtoto mchanga mpaka Tanga mjini. Nikakilaza kwenye udongo wa kichanga, kina cha vidole vinne hivi, pembeni ya senyenge ili kipate pa kupanda, maana ncha za majani yake zinajikunja zenyewe na kushika chochote. Mwaka wa kwanza majani tu. Mwaka wa pili maua mawili, nililia.

Sasa kosa langu. Nilijua kabisa ni sumu, mmea mzima, na kiazi ndio kibaya zaidi. Kuna kitu ndani yake kinaitwa kolkisini, hicho hicho madaktari wanakitumia kwa kipimo kidogo mno kutibu jongo, ila ukila kiazi chenyewe ni kutapika na kuharisha ndani ya masaa, halafu siku zinazofuata viungo vya ndani vinaanza kufeli, na kukichemsha hakusaidii. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani mwangu peke yangu. Sikumwambia mtu hapo nyumbani. Niliogopa wataniambia ning'oe.

Kiangazi kikafika, mmea ukakauka ukapotea kabisa juu ya ardhi, ndivyo ulivyo, unalala chini kusubiri mvua. Wifi yangu alikuja kutusalimia, mtu mwenye mikono mizuri, hawezi kukaa bure, akachukua jembe alime pale pembeni ya senyenge apande mchicha. Nilivyorudi kutoka sokoni nikakuta beseni la viazi vitamu vimeshaoshwa, na juu yake kipande cha kiazi changu, cheupe, kimeoshwa pia. Jiko limeshawashwa. Watoto wangu wawili wamekaa hapo hapo.

Vile viazi vyote nilivimwaga, beseni nikalisugua mara tatu, na mikono ilikuwa inatetemeka nashindwa hata kuongea. Kilichofuata kwenye grupu la familia sitakisimulia chote. Mama mkwe aliandika neno moja ambalo mpaka leo linanichoma, kwamba nafuga sumu kwenye nyumba ya mwanawe. Nilitaka kujibu, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Maana lile ua halikumkosea mtu, lilikuwa limelala zake chini ya udongo. Mimi ndiye niliyenyamaza.

Kwa hiyo mpenzi msomaji, kupanda ni rahisi, hili ua ni gumu halifi ovyo, halidai mbolea nyingi, linachukia maji yanayotuama tu. Kupanda kwa mbegu inawezekana, ila jiandae kusubiri miaka mitatu au minne kuona ua. Vaa glavu ukishika kiazi. Usilichanganye na bustani ya mboga, hata upande mmoja wa tuta, hata kama nafasi ni ndogo. Mwambie mume, mwambie dada wa kazi, mwambie mgeni anayelala siku mbili, waonyeshe kiazi chenyewe kwa macho wasibaki kukisikia tu. Waambie na mtu akila asisubiri kuona kama atatapika, ni hospitali moja kwa moja na kipande cha mmea mkononi. Mwenye mtoto anayetambaa au mbuzi anayezurura, subiri kwanza. Jamani tusipende kitu kizuri mpaka tukaficha ubaya wake kwa watu tunaokula nao sahani moja, hilo nalisema kwa uchungu kabisa.

Na hatari kubwa sio sasa hivi linavyowaka kila mtu analiona. Ni kile kipindi limekauka. Kile kipande nilichokiokoa kwenye beseni kilikuwa na ncha nzima, pale kinapochipukia, nikakirudisha ardhini hapo hapo, na ndicho kilichotoa haya maua 14. Safari hii nimekizungushia mawe sita niliyoyapaka rangi nyekundu, watoto walinisaidia kupaka, na wifi nimemtumia picha ya mawe kabla ya kumtumia ya maua.