Fuko shambani: mtego wa kitanzi, na kwa nini kunasa mmoja hakutoshi

Shina la mhogo likinyauka bila sababu ya kuonekana, livute. Likitoka kirahisi na mizizi imeliwa, usikimbilie kumlaumu fuko. Angalia kwanza kama kuna shimo lililo wazi. Likiwepo, mwizi wako huenda ni panyabuku au panya mwingine. Fuko haachi mlango: ataacha vifusi vya udongo vinavyofuatana, visivyo na tundu. Njia yake ya chini ya ardhi ikiingiwa na upepo na mwanga, hurudi kuiziba. Mtego wa asili unategemea tabia hiyo tu, hauhitaji chambo.

Huku Kigoma tega mvua zikishalainisha ardhi. Kiangazi udongo ni mgumu, fuko hachimbi sana, na vifusi vingi unavyoviona ni vya zamani. Kifusi cha leo kina udongo wenye unyevu, rangi imekolea.

Njia haiko chini ya kifusi moja kwa moja, huwa pembeni. Chukua fimbo iliyochongwa ncha, choma ardhi kati ya vifusi viwili vipya. Ikizama ghafla, kama shibiri moja chini, umeipata. Fukua kwa jembe, toa udongo wote ulioangukia ndani, kisha ondoka. Ukirudi utakuta upande mmoja umezibwa. Huko ndiko anakotokea. Zibua, tega hapo. Pande zote mbili zikizibwa, tega miwili.

Unahitaji fimbo mbichi inayopindika, urefu wa mita moja na nusu hivi, waya laini wa breki ya baiskeli, uzi mwembamba na kijiti. Simika fimbo imara kando ya shimo. Pasua mwanya mwembamba kwenye paa la njia, pitisha waya, tengeneza kitanzi kinacholala kwenye kuta za njia kikizunguka pande zote. Ncha ya juu ya waya ifungwe kwenye fimbo. Uzi nao utoke kwenye fimbo iliyopindwa, upite mwanya wa pili karibu na mdomo wa shimo, ukate katikati ya njia na ufungwe kwenye kijiti kilichokitwa sakafuni. Fuko akija kuziba hupita kwenye kitanzi kwanza, halafu hukutana na uzi. Akiukata kwa meno, fimbo hunyanyuka na kitanzi humbana kwenye paa.

Umbali kati ya kitanzi na uzi ndio unaowashinda wengi. Vidole vinne vinatosha kwa fuko anayetanguliza kichwa. Lakini mara nyingi huja kinyumenyume, akisukuma udongo kwa miguu ya nyuma, na udongo ndio unaofyatua mtego kabla mwili haujafika. Ukikuta kitanzi kimebana udongo mtupu, kisogeze ndani zaidi, karibu nusu shibiri kutoka kwenye uzi, na tumia uzi unaohitaji nguvu zaidi kidogo kung'oka. Waya ukining'inia katikati ya njia ataufukia tu. Kamba ya magome ya miyombo inafaa kwa kufungia fimbo, ila kwa kitanzi ataitafuna.

Kagua asubuhi na jioni, siafu wasikutangulie. Usitie mkono ndani ya njia: nyoka nao huzitumia, na meno ya fuko si ya kuchezea.

Sasa, wengi hunasa mmoja wakang'oa mtego. Hapo ndipo hasara inapoendelea. Fuko wa huku huishi kwa familia. Mwaka 2017 watafiti walitangaza aina mpya kutoka Ujiji na kuipa jina la Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa karne ya 19 (heshima ya ajabu kidogo kwa mla mihogo), nayo ni ya ukoo wa wale wanaoishi kwa makundi. Wapo fuko wengine wanaokaa peke yao, lakini usitegemee bahati hiyo. Tega tena palepale.

Moshi na maji ni kujichosha. Njia ni ndefu na fuko huziba vipande. Sumu kwenye vipande vya mhogo ni hatari zaidi, kwani hufukuliwa na kuku, mbwa, hata watoto. Kinachosaidia kweli ni kuvuna viazi vitamu vikikomaa badala ya kuviacha ardhini kama ghala.

Shimo likikaa wazi siku tatu bila kuzibwa, ng'oa waya, fukia, uhamie kwenye kifusi kipya kinachofuata.