Mdogo wangu, valensi ichore

"Shikamoo kaka. Valensi zinanitesa. Nakariri usiku, asubuhi zimeshapotea." Meseji hii imetoka kwa binti wa kidato cha pili, Chamwino. Marahaba mdogo wangu. Nakujibu hapa ili na wenzako wasome. Valensi ni idadi ya elektroni ambazo atomu hutoa, hupokea au hushirikisha inapoungana na nyingine.

Mimi nimesomea kijijini Mpwapwa. Mwalimu wetu alituimbisha: haidrojeni moja, oksijeni mbili, alumini tatu, kaboni nne. Ukikwama, unasimama hadi kipindi kiishe. Siku moja niliuliza kwa nini oksijeni iwe mbili wakati nje ina elektroni sita. Akanijibu mbele ya darasa zima kwamba kemia si ya watoto wa wachunga mbuzi. Walicheka. Hadi leo inaniuma, sifichi. Lakini swali lile sikuliacha, nikaenda nalo hadi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na shahada ya kemia ninayo.

Jibu ambalo sikupewa ni hili. Atomu hutulia mzingo wake wa nje ukijaa, na kwa elementi nyingi za kidato cha pili kujaa ni kufikisha elektroni nane. Oksijeni ni 2:6, yaani elektroni mbili mzingo wa ndani na sita wa nje; imepungukiwa mbili, basi valensi yake ni 2. Alumini ni 2:8:3. Kutoa tatu ni rahisi kuliko kutafuta tano, kwa hiyo 3. Zikikutana, alumini mbili zinatoa elektroni sita, oksijeni tatu zinapokea hizo sita: Al₂O₃. Umeona? Hapo hakuna cha kukariri.

Tazama hata birika la kwenu. Maji yetu ya visima huacha ukoko mweupe ndani yake, na sehemu kubwa ya ukoko huo ni kalsiamu kaboneti. Kalsiamu ina valensi 2, kaboneti (kundi la CO₃) ina 2, zinatoshana moja kwa moja: CaCO₃.

Chuma kina 2 na 3, shaba 1 na 2. Hizo zisikutishe, namba ya Kirumi kwenye jina, kama chuma(II), ndiyo inayokuelekeza.

Vijana wa Dodoma, acheni vikaratasi vya kukariri! Chora elementi 20 za kwanza, hesabu elektroni za nje. Kesho chora tena. Na ukinyamazishwa darasani, uliza tena, ni haki yako.

Mdogo wangu, leo anza na magnesiamu, 2:8:2, na klorini, 2:8:7. Nitumie fomula utakayopata pamoja na mchoro wake.