Fundi mpya, panga oda zako kwa maswali ya wateja

Wadogo zangu mnaoanza ushonaji, hasa nyie mliotoka chuo juzijuzi au mliokuwa chini ya fundi mkubwa na sasa mmejipatia cherehani yenu na kafremu, naomba niwaambie kitu ambacho mimi nilichelewa sana kukijua. Kushona mnajua. Kinachoua ofisi za mafundi wengi hapa Dar sio mkono mbaya, ni ile "njoo kesho". Mteja anakuja kesho, anaambiwa Ijumaa, Ijumaa anakuta hata kitambaa hakijakatwa, na fundi wala hakupanga kumdanganya, hajui tu kazi gani imefika wapi. Nimekuwa fundi wa hivyo miaka minne na nimepoteza wateja ambao mpaka leo nikikutana nao njiani naona aibu.

Nilikuwa na daftari. Daftari sio baya, lakini lina shida moja ambayo sikuiona mpaka nimechoka nayo: linapanga kazi kwa jinsi zilivyoingia, wakati mteja anakuja kwa jinsi anavyohitaji. Dada kaleta kitenge leo anataka nguo keshokutwa, anaandikwa chini ya mama aliyeleta wiki iliyopita anayetaka mwezi ujao. Ukifungua daftari asubuhi unaanza na ukurasa wa zamani, unashona ya mama, na ya dada inakuja kukushtua saa kumi jioni akiwa ameshasimama mlangoni na pochi yake.

Basi nikaanza kutafuta vitu vya mtandaoni. Nikapakua Notion, programu ya kuandika na kupanga kazi, kwa sababu niliona video mtu ameipamba vizuri mno, nikamaliza karibu wiki mbili nachagua rangi na vipicha na templeti za watu ambao kazi zao hazifanani hata kidogo na yangu, na katika wiki hizo mbili sikuandika oda hata moja. Nikahamia Trello, ile ya kadi unazohamisha kutoka safu moja kwenda nyingine. Hiyo ni nzuri kweli, wazo lake linatokana na kanban, utaratibu wa kadi wa viwanda vya Toyota kule Japani, na kama mko mafundi watatu wanne mnaoona skrini moja nawashauri mjaribu. Mimi nilikuwa nataka hesabu za pesa zikae palepale na kazi, kwa hiyo nikaishia Google Sheets, jedwali la kawaida kabisa, halilipiwi na linafunguka kwenye simu ya bei ya kawaida.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndo penyewe. Usianze kwa kuuliza hii programu ina nini. Chukua siku tatu, kila mteja anayekupigia au anayekuja andika swali alilouliza. Mimi nilipofanya hivyo nikakuta maswali yote ni yaleyale: nguo yangu imefika wapi, nije lini kujaribu, nimebakiza shilingi ngapi, kitambaa kilitosha, vipimo vyangu bado unavyo? Haya maswali ndo kolamu zako, yaani kila swali linalojirudia unalipa kolamu yake, na kolamu isiyojibu swali la mtu yeyote unaifuta bila huruma. Jedwali langu lina namba ya oda, jina, simu, aina ya nguo, tarehe ya kuchukua, siku zilizobaki, hatua, bei, advansi, na baki. Basi. Kuna wakati nilikuwa na kolamu ya rangi ya uzi, nikaiondoa, uzi nauona kwa macho.

Kolamu ya hatua niliifanya iwe ya kuchagua tu, sio ya kuandika, kwa sababu nina vijana wawili na kila mmoja alikuwa anaandika anavyojua, huyu "tayari", yule "imeisha", siku nyingine "ok". Sasa kuna maneno sita tu: imepokelewa, imekatwa, inashonwa, kujaribu, tayari, imechukuliwa. Baki inajihesabu yenyewe, bei ukitoa advansi, fomula ni =H2-I2 unaivuta chini mpaka mwisho. Siku zilizobaki nayo unaandika =E2-TODAY(), kila asubuhi inabadilika yenyewe. Halafu kwenye menyu ya Format unaiambia zikibaki siku tatu kushuka chini kiboksi kiwe chekundu. Nilivyoona wekundu ule mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo, ndo nikaelewa nimekuwa nafanya kazi gizani miaka yote ile.

Namba ya oda msiidharau. Mteja akiwa bado amesimama mbele yangu naandika mstari wake kwenye simu, halafu naandika ileile namba kwenye kikaratasi kwa kalamu ya wino mzito, nakikunja mara moja, nakichoma kwa pini kwenye pindo la kitambaa, na picha ya mshono aliyonitumia WhatsApp naihifadhi kwa namba hiyohiyo. Halafu namsomea kwa sauti: namba 212, gauni la kitenge la mshono huu, mkono robo tatu, zipu nyuma, elfu thelathini na tano, umetoa elfu ishirini, imebaki kumi na tano, unakuja kujaribu Jumatano. Hapo ndo unasikia "hapana fundi, zipu pembeni". Kosa limekamatwa bila mkasi kugusa kitambaa, na pini ni mia tu.

Sasa niwaambie kilichonikuta mwaka 2024 ili kisiwakute. Idd el-Fitr mwaka ule iliangukia Aprili 10 na mwezi wa Ramadhani kazi zilijaa mpaka tunalala ofisini. Kuna mama alileta kitambaa cha abaya yake na nguo za binti zake wawili, anachukua tarehe 8 mwezi wa nne, nikaandika 8/4/2024 kama tunavyoandika siku zote. Jedwali likanionyesha zimebaki siku 137, kijani kizuri, na mimi nilishajifunza kuamini rangi kwa hiyo macho yangu yalikuwa kwenye nyekundu tu. Jedwali lilikuwa limewekwa kwa utaratibu wa Marekani, wenyewe wanaanza na mwezi, kwa hiyo lilisoma Agosti 4. Na lilikuwa limeshanipa dalili, kuna oda ya tarehe 25/4 iliandika #VALUE! kwenye siku zilizobaki kwa sababu mwezi wa 25 haupo, mimi nikadhani simu inasumbua nikaipita. Yule mama alikuja tarehe 8 mchana, mfungo umemkausha midomo, na mifuko ya sokoni mkononi, akakuta vitambaa vimekunjwa vilevile alivyovikunja yeye. Hakunigombeza, alikaa tu kwenye benchi akasema "watoto nimeshawaahidi fundi". Tulikesha siku mbili, nguo za watoto zikatoka, abaya haikutoka, nikamrudishia pesa yake yote na kitambaa chake. Mpaka leo nikiandika tarehe namkumbuka.

Kwa hiyo kabla hujaandika oda ya kwanza ingia kwenye File, nenda Settings, pale kwenye Locale chagua United Kingdom, Uingereza wanaanza na siku kama sisi. Mimi nilikwenda kufanyia kwenye kompyuta ya steshenari, dakika mbili. Ujue tu kwamba tarehe ulizokwisha kuandika vibaya hazijirekebishi, unapitia moja moja. Na ukiona #VALUE! popote simama hapohapo uangalie, usipite.

Linalofanana na hilo ni saa. Mteja akisema saa tatu asubuhi, kwenye kalenda ya simu hiyo ni 9:00, na unaona wazi lakini siku umechoka kidole kinaandika 3 na alamu inalia usiku wa manane au hailii kabisa. Weka simu kwenye mfumo wa saa 24, utalazimika kufikiri kila unapoandika, na kosa la mchana na usiku linaisha.

Vipimo weka kwenye jedwali la pili, faili lake peke yake, mtu mmoja mstari mmoja, inchi, na tarehe uliyopima. Tarehe ni lazima. Mwili wa mtu unabadilika, dada akishajifungua au mtu akitoka kuumwa vipimo vya mwaka jana havimtoshi, mimi vikizidi miezi sita napima upya hata akisema "si unavyo". Na ukitaka kupanga kwa majina au tarehe tumia filta, usichague kolamu moja peke yake ukaipanga, majina yatahama na vipimo vitabaki, halafu unamkatia mtu kiuno cha mwenzake. Ikitokea usilie, kuna historia ya matoleo ya faili, unarudisha lilivyokuwa asubuhi.

Lakini haya yote ni bure kama huna saa ya kufungua. Hapa ndo wengi wanakwama, wanatengeneza jedwali zuri siku ya Jumapili mpaka Alhamisi limeshapitwa na mambo. Mimi nina nyakati tatu kwa siku. Asubuhi kabla sijakanyaga pedeli, dakika kumi, napanga kwa siku zilizobaki, oda tano za juu vitambaa vyake navitoa kwenye kabati naviweka mezani, kisichokuwa mezani leo hakishonwi hata mteja alie vipi kwenye simu. Mchana baada ya kula najibu meseji, sio muda wote, kwa sababu ukiacha mshono kila simu ikitetemeka mstari unapinda. WhatsApp Business ina ujumbe wa kujijibu wenyewe, nimeandika kwamba najibu saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni, wateja walizoea ndani ya wiki mbili. Ina na lebo, nazitumia kwa wanaodaiwa tu. Jioni kabla ya kufunga nabadilisha hatua za kila kilichosogea, na wanaokuja kujaribu kesho nawatumia ujumbe. Kwenye Google Calendar hizo saa zinajirudia kila siku na alamu yake.

Msimu nao una hesabu yake. Sare za shule unaweza kuweka zijirudie kila mwaka, shule zinafungua Januari, mimi alamu yangu inalia Novemba mwanzoni ninunue vitambaa Kariakoo kabla bei haijapanda. Idd usiiweke hivyo. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kama siku kumi na moja, Idd iliyokuwa Aprili 2024 ilikuja mwisho wa Machi 2025, inazidi kusogea nyuma, kwa hiyo kalenda ikijirudia yenyewe itakukumbusha wakati watu wameshavaa. Google Calendar unaweza kuiwashia kalenda ya Kiislamu pembeni ya ile ya kawaida, ukahesabu kuanzia Shaaban, mwezi unaotangulia Ramadhani. Mimi nafunga kupokea oda za Idd siku ya kumi na tano ya Ramadhani, tangu yule mama sijavunja.

Mambo ya nyumbani nimeyaweka kwenye kalenda hiyohiyo kwa rangi nyingine. Zamu yangu ya upatu, kliniki ya mtoto, ada, siku ya kwenda kumwona mama Kibaha. Zamani nilikuwa napokea oda mpaka siku ya kliniki halafu nagombana na kila mtu, sasa kabla sijamwambia mteja "njoo Jumatano" natazama Jumatano ina nini.

Bando likiisha au umeme ukikatika jedwali lipo, ila unatakiwa uwe umewasha mapema lipatikane bila mtandao, bonyeza vidoti vitatu vya faili utaona. Ukifika kwenye mtandao linajisawazisha.

La mwisho ni namba za watu. Vipimo vya mwili wa mwanamke na namba yake ya simu ni amana. Nchini kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, lakini hata isingekuwepo usimshee mtu linki ya jedwali kwa mtindo wa yeyote mwenye linki anaona. Vijana wangu nimewaongeza kwa barua pepe zao, wanaona jedwali la oda, vipimo nimeviweka faili tofauti na anayekata peke yake ndo anafungua. Kijana akiacha kazi namtoa siku hiyohiyo. Akaunti washa uthibitisho wa hatua mbili, na ile misimbo ya akiba, namba za kukuingiza kwenye akaunti ukiwa huna simu, ichapishe uiweke nyumbani kwenye bahasha, sio ndani ya simu, maana siku simu ikiibiwa kwenye daladala ndo utaitaka.

Leo usiku chukua oda tano tu zilizo ofisini kwako, tano sio zote, ziandike, zichomee namba. Kesho asubuhi fungua kabla hujawasha mashine uone ipi ni nyekundu.